Kitambaa cha Njano

Watu arobaini na mmoja wanaharisha.
Nahodha, redioni: "Ni tumbo tu."
Nikapanda ngazi na glavu, vikopo vya choo,
fomu tatu. Meli nzima inanuka klorini na ndimu.

Korido ya nne, anayedeki ni Shomvi
wa Mtoni. Tulichanjwa siku moja,
mkono uleule, kovu lilelile.
"Mama bado anauza maandazi?"
Nikamwambia: "Rudi nyuma. Hatua mbili."

Saa kumi nikatia sahihi: asishuke mtu.
Wakapandisha kitambaa cha njano,
kanga isiyo na maneno.
Akitaka, Shomvi anaweza kuhesabu
mabati ya Kurasini, moja moja.

Nimenawa mara saba.
Namba ya mama yake ninayo.
Simu naigeuza kifudifudi mezani.