Nje ya Ukuta

Sikuwa na senti. Filamu ile
niliiona kwa sikio,
mgongo wangu ukutani mwa sinema ya Wete,
siku tatu mfululizo.
Fidla zikienda mbio, farasi yuaja;
ngoma ikinyamaza, kuna kisu.

Leo Asaa kaileta kwenye kompyuta,
kaiegemeza kwenye pishi ya karafuu.
Faki na Mize, waliokata tiketi,
wanalia palepale walipolia zamani.

Mimi nauliza:
mbona shujaa mfupi hivi?
Katika tarumbeta alikuwa mnazi.
Na zile fidla, kumbe,
ni gari moshi!

“Shaame, tulia utazame.”

Nimefumba macho.
Ukuta umerudi, bado una joto la mchana,
na farasi wangu huyo,
hajachoka,
anaipita stesheni bila kusimama.