Pumzi Moja

Karani wa mkopo wa nyumba za wanajeshi wastaafu, pale Webuye,
ana kucha za damu ya mzee na sauti isiyo na haraka.
"Baba, sikatai kwamba ulikuwa jeshini.
Nataka tu jeshi nalo liseme."

Nikamvulia kofia aone kovu.
Nikamwambia sikio la kushoto nililiacha kwenye mizinga.
Akahamia upande wa kulia, kwa adabu, akarudia:
"Cheti cha utumishi. Halisi, na nakala mbili."

Mji huu ulipika karatasi.
Tulilala na harufu yake, tukaamka nayo ndani ya uji;
malori yalishusha magogo, yakaondoka na marobota meupe
ya kuandikia dunia nzima.
Leo mwana wa Webuye anatafuta karatasi moja.

Ilikuwepo. Sanduku la bati, chini ya kitanda,
chini ya sare moja na picha ya platuni.
Mchwa hawabishi hodi. Waliingilia kona yenye kutu,
wakala tarehe niliyoandikishwa,
wakala tarehe niliyoachiliwa,
wakala neno "nidhamu", wakabakiza "nzuri sana".
Nzuri sana, nini? Mke wangu Nasipwondi alicheka mpaka akakaa chini.

"Basi namba yako ya jeshi," karani akasema, "tuandike Nairobi."
Tano, saba, mbili, nne,
halafu sita tisa, au tisa sita?
Miaka kumi na tisa niliitikia namba hiyo
kabla ya kuitikia jina nililopewa na bibi yangu.
Nilisimama pale kaunta kama kuruta
aliyepoteza kofia siku ya gwaride.

Nikaenda Misikhu kwa Namwaya.
Tuliandikishwa asubuhi moja, yeye mbele, mimi kisogoni mwake.
Siku hizi uji anauita petroli.
Mkewe anamwita, yeye anamuuliza: "Wewe ni wa kombania gani?"
Nilipoziba mwanga mlangoni akainuka, miguu mitupu,
visigino tap! vikakutana,
akaikemea namba yake hadi kuku wakatawanyika:
tano, saba, mbili, nne, tisa, tano!

Kisha kimya. Kimya kile cha zamani, cha kungoja anayefuata.
Mdomo wangu ukafunguka bila kuniuliza:
tano, saba, mbili, nne, tisa, sita!
Namwaya akatikisa kichwa, akaketi,
akaomba aongezewe petroli.

Miezi minne ndipo barua ikaja, ina mhuri na nembo.
Niliipeleka mikono miwili, kama sahani ya moto.
Karani akasoma, kucha ikateremka mstari kwa mstari, ikasimama.
"Hapa wameandika Mukwana. Kitambulisho kinasema Mukhwana.
Huyu Mukwana ni nani?"

Ni nani? Ni yule aliyelala mtaroni mvua ikimnyea.
Ni yule aliyemfunga Namwaya bandeji kwa kamba ya kiatu.
Sajini wa usajili hakuwa na koo la kwetu;
aliandika alichosikia.
Herufi yenyewe ni pumzi tu, dada,
ukikohoa kidogo inatoka.

"Kiapo," akasema. "Mahakamani. Leta na picha mbili."

Basi Jumatatu nitainua mkono wa kuume mbele ya hakimu
niape kwamba mimi na mimi ni mtu mmoja,
kwamba aliyekwenda ndiye aliyerudi.
Hilo la pili hawakuliandika kwenye fomu.
Nasipwondi angekuwa na maoni yake.

Yeye hangoji mhuri.
Msingi tuliochimba mwaka juzi ameupanda maharagwe,
mistari imenyooka kuliko gwaride letu lolote.
Ya chumba cha kulala yametoa maua.
Ya sebuleni tunayala Ijumaa.