Sarafu

Babu alikuwa fundi saa mjini Halberstadt.
Alimwekea mama sarafu ya shaba
mgongoni mwa mkono, akasema: Piga.
Ikianguka, hakuna chakula cha jioni.
Mama alikuwa na miaka sita.
Alilala njaa hadi Kwaresima.

Kisha haikuanguka tena.

Akiwa na miaka kumi na tisa, gauni jeusi, Leipzig.
Gazeti likasifu: Bi Ottilie Reinking
anapiga piano kama mwanamume.
Mama alilifungia samaki.

Akaolewa. Piano ikavishwa shuka,
sisi watoto watano tukala mkate juu yake.
Usiku, baba akikoroma, nilisikia
vidole vikitembea ukingoni mwa meza,
muziki wa mbao tupu,
nami nilijua umefika wapi
kwa jinsi alivyovuta pumzi.

Baba alipofariki
hakungoja majirani wamalize kulia.
Akavuta shuka.
Bremen, Praha, Riga,
treni, daraja la tatu,
mikono yake ndani ya soksi zangu za sufi,
mimi mfungua kurasa, mimi mtunza marki.
Riga walishangilia hadi mishumaa ikayumba;
aliinama, akaninong'oneza:
Hoteli umelipa?

Baridi ya mwisho, vifundo vya vidole
vilivimba kama tangawizi.
Alipokata roho niliitafuta sarafu
katika kikasha cha babu, kati ya springi na kutu,
nikaiweka mahali pake.

Ilitulia.

Nikaiondoa mwenyewe,
nikampa mtoto wa jirani
akajinunulie mkate.