Hodi, Bandari 5432

Ghorofa ya tatu, Barabara ya Kirinyaga.
Chini wanagonga mabodi ya magari tangu asubuhi
na mimi juu nagonga mlango usio na ubao.
Seva ni mpya, juzi tu tumeitoa sandukuni,
bado ina nailoni usoni.
Niliipa hifadhidata, nikaipa nywila ndefu kuliko sala ya mlo,
nikaiuliza: u mzima?
Ikajibu kwa maandishi ya kijani: mzima, naendelea.

Mutuku anapiga simu kutoka tawi la Embakasi.
"Huku inazunguka tu.
Na benchi lina watu kumi na wanane,
wote mkopo wa karo, shule zafunguliwa Jumatatu."
Agosti inaisha na baridi haijaambiwa.

Nabisha kwa amri ndogo kuliko zote.
Pakiti nne zinaenda, nne zinarudi.
Basi nyumba ipo, na taa inawaka.
Nabisha mlango wenyewe, 5432:

kimya.

Si "toka", si "ngoja", si hata kikohozi.

Ukuta wa moto. Niliujenga mimi,
Jumanne usiku, nikajisifu mbele ya mwenyekiti
kwamba hata sisimizi hapiti.
Natoboa tundu moja, la Embakasi peke yake,
nisije nikaukaribisha mji mzima.

Nabisha tena. "Muunganisho umekataliwa."
Nikapiga makofi!
Kwamboka wa hesabu akainua macho kwenye risiti:
"Umekataliwa, na unacheka?"
Ningemwelezaje
kwamba angalau sasa kuna mtu
wa kuniambia hakuna mtu.

Natazama nani anasikiliza, na wapi.
127.0.0.1.
Inajisikiliza yenyewe,
inajiuliza hali na kujijibu njema,
kama mteja aliyebaki peke yake na kioo cha kinyozi.
Nafungua faili, narekebisha mstari: sikiliza na wa nje.
Naiwasha upya. Imekataliwa.
Naiwasha upya. Imekataliwa.
Chai inaota ngozi.
Nausoma mstari kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza,
kila herufi iko sawa, kila nukta,
ila mwanzoni, pale pale nilipokuwa nikiparuka,
alama ya reli.
Mstari wangu wote ulikuwa umelala nyuma yake
na seva haisomi maneno yaliyolala.

Nikaufuta. Ndipo stima ikapotea.

Nashuka ngazi gizani kuulizia jenereta.
Narudi, Nasambu wa langoni ananyoosha rula:
"Jina lako halimo kitabuni."
"Nimepita hapa asubuhi."
"Nimekuona ukipita. Lakini halimo."
Nikaandika: jina, kitambulisho, ninakotoka,
ninayemwendea. Kwenye ninayemwendea
nilikaa kidogo na kalamu.

Jenereta inakohoa, seva inaamka,
Mutuku anajaribu, ananisomea polepole
maneno mapya: hakuna ingizo kitabuni
kwa mgeni huyu, kutoka anwani hii,
anayetaka hifadhidata hii.
Nikacheka hadi Kwamboka akaacha kuhesabu.
Nikaandika: jina, anakotoka, anayemwendea,
na kwamba aonyeshe nywila kwanza.
Nikaiambia seva ikisome kitabu upya.

"Jaribu."
Nasikia kibodi yake, nasikia mvua ya Embakasi
ambayo haijafika huku,
mtoto analia, mtu anamwambia nyamaza.
"Mutuku?"
"Subiri."
Kisha akasoma, kama anayesoma barua ya mtu mwingine:
"0417. Penina Atandi.
Akiba, elfu thelathini na nane, mia sita na hamsini."
Hakunishukuru. Simu aliiweka mezani bila kuikata,
nikamsikia akisukuma kiti,
akiliitia benchi:
"Haya, wa kwanza!"