Bado

Daktari Gyöngyvér alisema: bado.
Sukari ya asubuhi, kabla ya kula, sita nukta tatu.
Bado si kisukari.
Ottó akalibeba neno hilo nyumbani
kama chenji iliyozidi,
akaliweka juu ya friji, pamoja na bili za gesi.

Sisi ni waoka mikate, Kecskemét, nyuma ya stesheni.
Saa tisa usiku tanuri huwa limeshawaka.
Mume wangu huonja jamu ya aprikoti kwa kidole,
kisha kwa kijiko, kisha kwa kujisahau.
Miaka sita lile neno lililala jikoni
likaumuka taratibu.

Sasa naelezwa, nami ni mzito wa kuelewa:
insulini ni mpiga hodi.
Mlango ukifunguliwa, sukari huingia, naye huenda zake.
Milango ya Ottó iliingia uziwi,
basi kongosho likatuma wapiga hodi wawili, wanne, kundi zima,
mchana kutwa, usiku kucha,
hodi, hodi, hodi.
Misuli haikuitika.
Lakini kule chini, kwenye utumbo mpana,
kuna waliosikia.
Seli zilidhani zinaambiwa: kueni.
Zikakua.

Kwanza kinundu,
kama zabibu kavu iliyosahaulika ndani ya kinyunya.
Halafu damu, ambayo Ottó aliiita bawasiri
ili asikose zamu ya Jumamosi.
Aprili wakamkata sentimita ishirini na mbili.

Nilimuuliza daktari: ni sukari iliyofanya haya?
Akavua miwani.
"Hupita njia moja," alisema, "mara nyingi kuliko tunavyopenda.
Ila si kila penye moshi nyumba huungua."
Nikampenda kwa kutonidanganya,
nikamchukia hadi kituo cha basi.

Jana nilimpeleka Zsombor, mwanetu,
miaka thelathini na nane, hajala, amenuna, anataka kahawa.
Sita kamili.
"Bado!" akasema, akacheka cheko la baba yake,
pamba ingali imebanwa kwenye kiwiko.
Nikamwambia: hilo si jibu, mwanangu. Hiyo ni saa.
Hakunielewa. Nami sikurudia.

Nje kulikuwa na upepo, na nyumbani ni mbali kidogo.
Basi lilipotokea kwenye kona aliniita,
mama, basi, mama,
nikajifanya kiziwi,
nikaendelea kutembea.