Matairi Sita

Nafua mashuka ya nyumba ya wageni, huku Nakiwogo,
thelathini kwa siku, hamsini semina zikija,
na ndege nyingi zinazoshuka Entebbe
hupita kwanza juu ya kamba zangu.
Miaka kumi na tisa. Sijapanda hata moja.
Lakini nazijua
kama mpangaji anavyojua kikohozi cha nyumba ya pili.

Nalweyiso, mjukuu wa mwenye nyumba,
alinikuta siku moja nimeinua shingo, sabuni mpaka viwikoni.
"Unasoma nini huko, Mzee Rehan?"
Nikamwambia: usianze na rangi. Rangi ni nguo,
na nguo, mimi dobi nakwambia, huazimwa.
Anza na injini. Ziko wapi?

Zikiwa nyuma, zimebanwa ubavuni karibu na mkia,
na mkia umevaa ubao kichwani kama nyundo,
hiyo ni Bombadia yetu, nyembamba,
inayokwenda Nairobi na kurudi kama aliyetumwa chumvi.
Zikiwa chini ya mabawa, tazama midomo yake.
Mviringo kamili: huenda ni Eabasi.
Imebonyea chini, kama chungu kilichoanuliwa kibichi:
Boingi, saba-tatu-saba. Ukitaka hakika,
ngoja iondoke, ipite utosini:
magurudumu yake hayana mlango, yamelala tumboni wazi,
kama bwana aliyetoka msalani akasahau zipu.

Alicheka hadi viazi vikamdondoka.

Saba-nane-saba ina meno ya msumeno nyuma ya injini,
na mabawa yake huinuka
kama mama anayenyanyua gomesi avuke tope.
Zenye mapanga: je, miguu inatoka kwenye injini? Dashi.
Inatoka tumboni? ATR.
Na kile kidogo, panga moja puani,
kinawapeleka watalii Kidepo, usikihesabu.

Alishika upesi kuliko nilivyopenda.
Siku kaloli alipopita, mzito, akielekea jalalani,
alisema bila kucheka:
"Mabawa mapana, miguu nje, kifuko shingoni.
Huyu wa mizigo."

Kisha akauliza. Nilijua ataniuliza.
"Ile iliyomchukua mama ilikuwa ipi?"

Usiku ule wingu lilikaa juu ya ziwa kama godoro.
Nilisikia mngurumo tu. Wa ndege yoyote.
Nikasema: "Saba-saba-saba.
Matairi sita kila mguu. Sita, mwanangu!
Ile haiyumbi."
Niliongeza matairi kama muuza viazi
anavyoongeza kimoja juu ya fungu, kwa ajili ya mtoto.

Tangu hapo, ikitokea kubwa yoyote, aliacha kalamu,
akahesabu kwa midomo, sita na sita,
akarudi kwenye hesabu za mwalimu.

Mwezi wa tatu alileta daftari la mistari.
Tarehe. Saa. Injini. Matairi.
"Ya saa kumi alfajiri, ya kwenda Sharja,
ni saba-tatu-saba. Nimeamka mara arobaini na moja.
Midomo imebonyea. Matairi makubwa manne tu.
Hayana mlango."
Alisoma kama karani wa mahakama,
na mimi nimeshika shuka, linanichuruzikia miguuni.

Nilingoja aniite mwongo.
Akafunga daftari, akatazama juu, kusiko na kitu.
"Manne yanatosha?"

Nikamwambia yanatosha.
Nimeyaona yakishuka, mvua na jua, miaka yote hii.
Hilo halikuwa la kuongeza.

Akashika ncha ya pili ya shuka.
Yeye akasokota kulia, mimi kushoto,
maji yakatoka, yakatoka tena.
Moja ikapita juu yetu, chini kabisa, kamba zikatetemeka.
Sikuinua kichwa.
"Eabasi," alisema. "Vuta."