Unga na Bukari

Numbi, nimefungua kazi yako usiku huu,
Katuba giza, betri asilimia ishirini na moja,
nikakuta vyote vimelala folda moja:
ulichoandika kwa vidole vyako
na kile mashine ilichotema baada ya kukisoma.
Majina yanafanana kama mapacha,
tofauti ni herufi moja mkiani.

Nilitaka kumtumia Kapya, kule Kolwezi,
ile programu ya mizani ya kinu cha mahindi.
Mega mia sita!
Za faranga elfu tano zikaisha
kabla mstari haujafika nusu.
Baadaye nikapima maandishi yako peke yake:
mbili.
Mega mbili, Numbi.

Na Jumanne, diski ilipolia kwamba imejaa,
nilifuta nikidhani nafuta vilivyojengwa;
kumbe nafuta hesabu yako ya unyevu wa punje.
Siku tatu naiandika upya kwa kukumbuka.

Mama hajawahi kugusa kompyuta.
Lakini gunia lake la unga linakaa juu ya matofali,
mbali na mbabula, mbali na sufuria.
Unga hukupa bukari leo, na kesho, na wageni wakija;
bukari, hata uuanike juani mwezi mzima,
haukurudishii unga.

Baba alinisikia nikinung'unika.
Miaka ishirini na miwili alisimama mbele ya tanuru,
chini ya ile dohani ndefu.
"Ule mlima mweusi," akasema, "sisi tuliuita uchafu.
Leo watu wanaukwangua kwa matingatinga.
Usitupe ovyo."

Nikakaa kimya. Kisha:
Baba, situpi. Natenga.
Hata nyinyi hamkumwaga makapi
juu ya mawe yaliyokuwa yakingoja zamu.
Akacheka kidogo, akaenda kulala na redio yake.

Basi nimegawa vyumba viwili.
Kimoja, asili: humo mashine inasoma tu, haiandiki.
Cha pili, kando, nimekiita jengo:
humo iteme itakavyo,
humo nafuta bila kubana pumzi.

Umeme umerudi saa tisa usiku.
Nimelifuta jengo lote, makusudi,
nikabonyeza, nikasikiliza feni ikiamka.
Dakika nne.
Mizani ikasoma sifuri, kama inavyopaswa
kabla mtu hajaweka debe.

Kapya ameshapokea mega zake mbili.
Wewe ukirudi kutoka Likasi,
piga hodi kwenye chumba cha kwanza.